Madame Hanne Aomba Neno Pembeni

Kila asubuhi kabla ya shule, Bitota alifagia uwanja, kisha akaenda mtoni na bidoni yake ya njano. Maji ya mtoni yalikuwa tope. Watoto wawili wa mtaa wao, hapo Kamina, walikuwa wamelazwa kwa kuharisha, kwa hiyo kila mtu alikuwa anasubiri kisima kipya. Baba yake, Papa Lukusa, alikuwa mkubwa wa waashi. Kazi iliongozwa na Madame Hanne, mhandisi kijana kutoka Denmark, aliyepanga chumba kwao.

Jumanne, Madame Hanne alipita katikati ya waashi bila kumpa mtu mkono. Akagusa ukuta wa kisima, mchanga ukamwagika.

"Élisha!" alimwita Papa Lukusa. "Sementi ni kidogo. Vunja, uanze upya."

Kijana mmoja akacheka. Papa Lukusa aliweka mwiko chini, akaenda nyumbani. Wengine nao wakaacha kazi.

Jioni Madame Hanne alimuuliza Bitota, "Baba yako ana nini?"

Bitota aliogopa kumwaibisha mgeni. "Ana malaria, Madame."

Kesho yake mchana, Madame Hanne alirudi kwa miguu kutoka famasi ya mjini, uso mwekundu kwa jua, dawa mkononi. "Mpe baba yako. Nimekuwa na wasiwasi sana."

Bitota alishindwa kuipokea.

"Nisamehe, Madame. Nilisema uongo. Papa si mgonjwa. Ulimwita jina tupu kama mtoto, ukamkosoa mbele ya vijana wake. Huku mkubwa anaitwa pembeni. Na asubuhi tunapeana mkono kwanza, ndipo kazi ianze."

Madame Hanne aliketi kizingitini. "Kwetu hata mkubwa wangu namwita jina tu. Na kosa tunaambiana wazi, kwa sababu tunaaminiana. Nilidhani namheshimu!"

Jioni hiyo alisubiri mpaka Papa Lukusa amalize kula bukari, ugali wake wa jioni. "Papa Lukusa, naomba neno pembeni."

Walizungumza kwa muda mrefu nyuma ya jiko. Bitota alisikia baba yake akiangua kicheko: "Malaria? Minyi? Mimi huyu?"

Alhamisi, Madame Hanne alimpa kila mwashi mkono, hata yule aliyecheka. Kisha Papa Lukusa akasimama mbele ya ukuta.

"Bana bangu, wanangu, njo minyi nilikosa. Nilipunguza sementi ili itoshe mpaka juu. Madame alisema kweli. Tuvunje."

Vijana walitazamana. Mkubwa anakiri kosa mbele yao! Hakuna aliyecheka. Wakachukua nyundo.

Wiki tatu baadaye maji safi yalitoka. Mama Mianda, mama yake Bitota, alijaza kikombe akampa binti yake.

"Heshima iko kila nchi," alisema, "lakini kila nchi na namna yake. Mgeni aulize, na mwenyeji amwambie kweli. Ungenyamaza, mwanangu, mpaka leo tungekunywa tope."