Kamanda Mwenye Miguu Sita

"Haya niambie, sehemu gani imekuchekesha zaidi?"

Fundi wa lifti akameza chai iliyokuwa bado ya moto. Mbele yake alikaa mpima macho aliyempenda kuliko kitu chochote, mkono shavuni, anangoja jibu.

"Zote," akasema.

"Zote si jibu. Taja moja."

"Ile ya... kule kwenye sayari."

"Kitabu kizima kiko kwenye sayari, mpenzi."

Simu ya Fundi iliyokuwa mezani ikawaka. Ujumbe ulitoka kwa dada yake, msusi, na mpima macho akausoma kabla Fundi hajaifunika simu: "Mwambie pale balozi anapokwama kwenye mashine ya kufulia. Cheka kidogo ukisema."

Mpima macho akaondoa mkono shavuni.

"Kumbe," akasema mpima macho taratibu. "Vitabu vyote nilivyokuazima, anayevisoma ni wifi?"

"Rubani, nisikilize..."

Alimwita Rubani tangu walipojuana, kwa vile kila alipomkuta, kichwa cha mwanamke huyo kilikuwa angani, ndani ya riwaya za kuchekesha za vyombo vya anga na viumbe wa ajabu. Alikuwa nazo chumba kizima.

"Nilijaribu," akasema Fundi. "Naona meli, naona sayari, kicheko sikipati. Nikaogopa utaniona mtu mzito wa kuelewa. Dada akawa ananisimulia."

"Ungeniambia hupendi, ningekuelewa. Wangapi hawapendi! Lakini umekaa hapa unacheka kicheko cha kukaririshwa." Akachukua mkoba wake. "Mtu akinidanganya kwenye kicheko, kwenye kilio itakuwaje?"

Akaondoka. Fundi akampigia, simu ikaita weee mpaka ikakata. Akaandika, hakujibiwa. Dada yake naye akampigia kumsema:

"Umeniharibia! Wifi alikuwa ameahidi kuniletea sehemu ya pili!"

"Dada, mimi nimeachwa, wewe unalilia kitabu?"

"Nalilia vyote viwili, mdogo wangu."

Hawajakaa sawa, mama yao akaugua. Daktari aliona uvimbe tumboni, akasema utolewe haraka. Asubuhi ya upasuaji, mama alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu akiwa bado anawaagiza.

"Mlango wa nyuma mmefunga?"

"Tumefunga, mama."

"Msikae mkilia hapa. Mtachosha watu."

Milango ikajifunga. Dada mtu akashindwa kukaa, akaenda kutafuta chai, akamwachia mdogo wake mkoba. Fundi akabaki peke yake kwenye benchi la chuma. Mikono inayokaza nyaya za lifti juu ya maghorofa bila wasiwasi sasa haikuwa na kazi. Akaishughulisha kwa kufungua mkoba. Ndani mlikuwa na chanuo, leso, na riwaya moja ya Rubani.

Akafungua ili macho yapate pa kukaa.

Ilikuwa habari ya kamanda wa jeshi kutoka sayari ya mbali, mwenye macho manane na miguu sita, aliyetumwa kuiteka dunia. Kwa kuanzia akapanga chumba kwa mama mmoja mjane ili apeleleze. Mama mwenye nyumba hakushtushwa na macho. Alichosema ni, "Futa miguu kabla hujaingia. Yote." Kamanda akafuta. Kesho yake akatumwa sabuni. Wiki iliyofuata akawa anaanika nguo, akitumia miguu minne kwa mpigo. Mwisho akaandika ripoti kwao: "Mheshimiwa, sayari hii haitekeki. Kuna mwenye nyumba."

Fundi akaguna. Akarudia mstari. Kisha kicheko kikamtoka kwa nguvu, cha tumboni, machozi yanamtiririka, mpaka nesi akaja mbio.

"Kaka, uko sawa?"

"Hapana," akasema, na bado anacheka.

Nesi alipoondoka, akaandika:

"Rubani, mama yuko chumba cha upasuaji. Nimesoma ripoti ya kamanda. Nimecheka mpaka nesi amekuja kuniangalia. Sijatumwa na mtu. Nina hofu sana, na nimecheka."

Simu ikaita papo hapo.

"Hospitali gani?"

Akamwambia.

"Wadi ipi? Usiondoke hapo."

Rubani akaja na koti lake jeupe la kazini, anahema. Akakaa benchini bila salamu, akamshika mkono.

"Kwa nini umecheka?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kwa sababu yule mwenye nyumba ni mama. Mama mtupu! Na nikafikiri, kama kamanda wa macho manane amemshindwa, huo uvimbe ni nani?"

Rubani akacheka, huku analia.

"Ndiyo maana navipenda," akasema. "Ulimwengu ni mkubwa, unatisha. Halafu mtu mmoja anauchukua wote na nyota zake, anauingiza jikoni, anauambia ufute miguu. Hofu inapungua kimo."

"Nisamehe kwa kukudanganya."

"Nimekusamehe tangu pale uliponiandikia habari ya nesi. Ila kisichokuchekesha, kaa na uso wako mkavu. Nitaupenda hivyo hivyo."

Daktari akatoka, barakoa shingoni.

"Tumeutoa wote. Anaendelea vizuri."

Dada mtu aliyekuwa amerudi na chai akaimwaga nusu kwa kumkumbatia daktari.

Mchana mama akafumbua macho.

"Mnacheka nini, na mimi naumwa?"

Fundi akamsimulia habari ya kamanda. Mama akasikiliza kwa makini.

"Huyo mama anajua kulea," akasema. "Na huyu mwenye koti ndiye mkwe wangu?"

Dada mtu akakohoa. Rubani akainamisha uso.

"Bado hajaniuliza, mama."

"Wewe, mwanangu, unangoja nini? Mpaka nipone ndiyo uulize?"

Fundi akageuka, kijasho kinamtoka.

"Rubani, utakubali kuolewa na mtu mzito wa kuelewa?"

"Nitaolewa na mtu aliyecheka siku ya hofu, akanitafuta mimi kwanza. Ndiyo. Nakubali."

Dada mtu akapiga kigelegele, nesi akawatoa nje wote watatu. Mama alikuwa amekwisha kupitiwa na usingizi kabla ya jibu, na alipoamka jioni ikabidi aelezwe upya kwamba amepata mkwe.