Mwanamke wa Juu ya Kioo

Mwaka wa 1996, mwezi wa Mei, jioni moja nilitoka nje kuanua nepi. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Mwanangu Osoro, wa miezi mitano, nilikuwa nimemlaza ndani. Mume wangu alikuwa kazini Kericho. Hapo nyumbani Kiogoro tulikuwa watatu tu: mimi, mtoto, na mama mkwe, Nyangate, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja.

Nikasikia sauti kutoka nyumbani kwangu.

Tii... tii...

Niliijua. Ilikuwa gemu ya betri, ya kutoshea kiganjani, ambayo shemeji yangu Walter alituletea kutoka Nairobi wakati wa Pasaka. Kwenye kioo chake kulikuwa na mwanamke mdogo mweusi, mwenye kapu, akidaka mayai. Kila yai likidakwa, gemu ililia. Lakini mwanamke huyo hakukaa ndani ya kioo. Alisimama juu yake, kama kidole kilichoinuliwa. Tulipoogopa, Walter alicheka. Alisema huhitaji miwani yoyote; kila jicho linaonyeshwa picha yake, halafu akili inaziunganisha.

"Funga jicho moja, shemeji. Atalala."

Nikafunga. Akalala kabisa, akawa mchoro tu. Mama mkwe hakuelewa tunashangaa nini. Jicho lake la kushoto lilitobolewa na bua la mahindi zamani, na kwake mwanamke huyo hakusimama hata mara moja. Alisema tunamchezea.

Tangu Pasaka hiyo mtoto alikuwa mgonjwa. Ngozi yake ilikuwa imeota vipunje vigumu, ambavyo kwetu huitwa ebibiriria. Kuna watu ambao wakimtazama mtoto mchanga, vitu vidogo vidogo humrukia na kumwingia mwilini. Visipotolewa, mtoto hufa. Osoro alikuwa na siku mbili hajanyonya. Mimi ni mtu wa haya, sikusema neno, lakini moyoni nilikuwa na jina. Vipunje vilizidi kila mara mama mkwe alipotoka kumbeba. Nikaanza kumfunika mtoto shuka kila niliposikia kikohozi chake mlangoni.

Nikaziacha nepi kwenye kamba. Nikaingia.

Gemu nilikuwa nimeiweka juu ya kabati, mahali ambapo hata mimi sifiki bila kiti. Sasa ilikuwa kitandani, karibu na kichwa cha Osoro. Chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Mtoto alikuwa macho. Hakupepesa.

Mwanamke alikuwa amesimama juu ya kioo. Hakuwa na kapu. Alikuwa mrefu kama mkono wangu, naye alikuwa ameinama juu ya mwanangu...

Nikafunga jicho moja.

Hakulala.

Nikafungua hilo, nikafunga la pili.

Bado amesimama.

"Mama Osoro," mama mkwe akanong'ona nyuma yangu. "Usipige kelele. Ni nani huyo anayemshika mtoto?"

Yeye, mwenye jicho moja, alikuwa anamwona.

Akavua leso yake na kuitupa juu ya gemu. Kitu kikajikunja chini ya kitambaa, mara moja tu, kisha leso ikatulia. Sauti ikakoma. Akaifunga kama mzigo, halafu akaomba samli. Na mtoto.

Nilimkumbatia Osoro. Pumzi yake ilikuwa fupi sana.

"Najua humfuniki kwa sababu ya baridi," akasema polepole. "Lakini usiponipa, hatafika asubuhi."

Nikamweka mapajani mwake.

Akampaka samli, akamkanda. Vipunje vikatoka upesi, kimoja baada ya kingine, vyeupe, vyenye pembe nne, kama kioo kilichosagwa. Osoro akalia. Kisha akanyonya mpaka akalala.

Nilishukuru. Lakini wanawake wa kwetu husema, anayevitoa upesi namna hiyo ni yule aliyeviweka. Na mvua ilikuwa inanyesha. Kati ya nyumba yake na yangu hakuna paa. Nilipoishika leso ile kumsaidia kukaza fundo, ilikuwa kavu.

Alikuwa ameingia lini?

Nikamwomba avitupe vipunje motoni. Akatikisa kichwa, akavitia pamoja na gemu.

"Hivi havichomwi. Vinarudishwa kwa mwenyewe."

Hakusema mwenyewe ni nani. Akaenda nyumbani kwake na mzigo kwapani, na tangu siku hiyo sijaiona gemu.

Asubuhi ngozi ya Osoro ilikuwa laini kabisa. Sijawasha hata moto, mama mkwe akabisha. Alitaka kuota jua na mjukuu wake. Jicho lake lilimtazama mtoto tu, halikunitazama mimi. Ningemkatalia vipi mtu aliyenirudishia mwanangu?

Nikampa.