Kibodi ya Marehemu Oswaldi

Jioni ile mke wangu, Lydia, alinituma nikachukue kibodi kwa mama mmoja wa jumuiya yao ya kanisani.

Ilikuwa Juni, na Juni ya Sumbawanga inauma masikio. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, upepo unasukuma vumbi la mtaa wa Majengo hadi mdomoni. Mimi naitwa Masanja. Ni Msukuma, nimezaliwa kijijini Milepa, kwenye ng'ombe wa baba. Kifipa, lugha ya mke wangu na ya mji huu, sikijui zaidi ya salamu. Hapa mjini nachapa kazi za watu nyumbani kwangu, na zikiisha nacheza gemu na washikaji mtandaoni. Kibodi yangu ilikuwa imekufa nusu. Herufi A ilitaka kupigiliwa kama msumari.

Lydia alikuwa amesikia kwamba Mama Marsiana anagawa vitu vya mwanawe, Oswaldi, aliyefariki masika na kuzikwa kijijini Kaoze. Kijana huyo alikuwa mchezaji wa gemu hasa. Kibodi yake ilikuwa ile ya kweli, ambayo kila kitufe kina swichi na springi yake chini, na taa nyekundu kote.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu mlangoni kwake.

"Marahaba, mwanangu. Lete mikono."

Nilidhani anataka kunipa mkono wa salamu. Aliishika yote miwili, akaigeuza, akavuta vidole vyangu kimoja kimoja kama mtu anayechagua karoti sokoni.

"Virefu," alinong'ona. "Vitafaa."

Aliingia ndani, akatoka na kibodi iliyofungwa kwenye khanga, na kikopo kidogo cha mafuta.

"Ukiifungua kuisafisha, swichi zake uzipake haya. Usipake mengine. Na uitumie kila siku, mwanangu. Isikae bure. Ikikaa, inapoa."

"Inapoa?"

Yeye alikuwa ananusa viganja vyake.

Kesho yake mchana niliitandaza mezani. Nilikunja waya nikapata kikoleo, nikaanza kung'oa vitufe. Kibodi yoyote iliyotumika ina uchafu wake: vumbi, makombo ya mkate, unywele mmoja mmoja. Nimesafisha nyingi na sijawahi kuona kinyaa.

Hii ilinifanya nisimame nikafungue dirisha.

Chini ya vitufe kulikuwa na kucha. Kulikuwa na vipande vya ngozi kavu, vyembamba kama maganda ya kitunguu. Vyote vilikuwa vimeshikamana kwa utando wa manjano uliovutika kama kamasi kila nilipong'oa kitufe. Nilikaza roho. Vitufe nikaviloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni, na juu ya maji pakaganda utando mweupe, kama supu ya kichwa cha mbuzi iliyopoa. Fremu nikaisugua kwa spiriti na mswaki wa zamani. Vipande vingine vilinigandia kidoleni. Vilikuwa vinyevu upande mmoja.

Halafu nikafungua swichi moja moja, nikazipaka mafuta ya Mama Marsiana kwa brashi ndogo. Yalikuwa meupe na laini. Yalinukia karafuu. Chini ya karafuu kulikuwa na harufu nyingine, lakini sikutaka kuifuatilia.

Nilipoichomeka, ikawaka nyekundu. Nikagusa herufi ya kwanza.

Jamani, mlio ule! Mzito, laini, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye udongo. Nilichapa barua ya mteja nikamaliza kabla chai haijapoa. Jioni nilipocheza, vidole vyangu vilifika kabla ya mawazo yangu. Nikawapiga wote.

"Oya Masanja," mshikaji mmoja aliniandikia, "leo umekula nini?"

Niliitunza kama alivyoniambia mama yule. Niliifuta kila jioni, nikaifunika na khanga yake. Mafuta yakikauka, nikapaka tena.

Lakini ncha za vidole vyangu zikaanza kulainika. Zikawa nyeupe na zenye mikunjo, kama za mtu aliyefua kutwa. Simu yangu ikakataa kufunguka kwa kidole. Nilifuta kioo, nikajaribu vidole vyote, ikakataa. Niliviangalia kwenye mwanga: mistari ilikuwa imefutika. Kulikuwa kutupu, kunang'aa.

Mtoto wetu, Hellena, akakataa kubebwa na mimi. Nikimgusa tu, anajikunja na kulia hadi anatapika maziwa.

Na harufu ikaanza. Nimekulia kwenye ng'ombe, harufu ya mzoga naijua. Hii haikuwa mzoga. Hii ilikuwa ya kidonda kilichofungwa bandeji siku nyingi, halafu kikafunguliwa chumbani. Lydia alifagia, akadeki, akapekua chini ya kitanda akidhani panya amekufa. Mwishowe alisimama nyuma ya kiti changu, akaziba pua.

"Baba Hellena... ni mikono yako."

Siku iliyofuata, giza lilipoanza kuingia, umeme ulikatika. Kompyuta ilikuwa na betri, kwa hiyo niliendelea na kazi ya mteja. Kibodi iling'aa nyekundu, na vitufe vilikuwa na joto. Joto la mtu.

Lydia alikuja na tochi ya simu, mtoto mgongoni.

"Unaandika nini?"

"Maombi ya kazi ya mteja."

"Haya si maombi ya kazi." Sauti yake ilishuka. "Hiki ni Kifipa. Umejifunza lini Kifipa?"

Nilitazama skrini. Ilikuwa imejaa maneno nisiyoyajua, na vidole vyangu vilikuwa vinaendelea kuandika. Taratibu. Kwa utulivu. Mimi sikuwemo.

"Inasemaje, Mama Hellena?"

Alisoma akinitafsiria kwa kunong'ona.

"'Mama, huku kuna baridi... Mama, sogea karibu na dirisha, nikusikie.'"

Tuligeuka wote wawili.

Pua ilikuwa imebanwa kwenye kioo cha dirisha. Chini yake, mdomo ulikuwa wazi, ukitoa ukungu wa pumzi.

"Endelea, baba," sauti ya Mama Marsiana ilisema polepole. "Usimkatishe. Mwache mwanangu aseme."

Nilitaka kuinuka. Mikono haikuinuka. Vidole vilikuwa vimeganda kwenye vitufe. Nikavuta. Ngozi ikavutika kama utando wa maziwa yaliyochemka... ikabanduka kwa mlio wa kunyonya.

Haikuuma. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Ncha za vidole vyangu zilibaki juu ya vitufe, vipande vyeupe vyenye unyevu. Na vile vitufe viliendelea kubonyea, vyenyewe. Ta. Ta-ta. Ta.

Nilishika kikoleo kwa kiganja, nikang'oa kitufe kirefu cha chini. Lydia akamulika.

Hapakuwa na springi. Palikuwa na nyama ya waridi, nyevu, kama fizi za mtoto ambaye hajaota meno. Kipande cha ngozi yangu kilikuwa kimeteleza hadi hapo. Ile nyama ilikunjamana, ikakivuta ndani polepole.

Ilikuwa inameza.

Nilitapika pale pale, mezani. Lydia alikuwa anasali kwa sauti, mtoto analia. Nikaifunga kibodi kwenye khanga, nikashika kikopo cha mafuta, nikatoka nje mikono ikinivuja majimaji.

Mama Marsiana alikuwa amesimama ukutani, amejitanda shuka. Hakukimbia. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuongea na mwanawe kwa simu.

"Chukua kitu chako, mama. Chukua!"

Aliipokea kama anavyopokewa mtoto mchanga.

"Mbona umemkatisha? Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuongea."

"Mama," nilisema nikimwonyesha kikopo, "mafuta haya ni ya nini?"

Alikipapasa kile kifurushi.

"Nilimwosha mwenyewe kabla hajazikwa," alinong'ona. "Wenzangu walikataza, nikakataa. Mikono yake niliipaka mafuta, kidole kwa kidole, kwa sababu ilikuwa imekauka. Ilikuwa mizuri, mwanangu. Nikaona, iende ioze bure? Nikayakwangua mafuta yale, nikayarudisha kwenye kikopo. Ni hilo tu. Mengine sikufanya mimi."

"Nani aliyefanya?"

Alinishika mkono ghafla, akauinua hadi puani, akavuta pumzi ndefu. Macho yake yakajaa machozi.

"Bado amebaki kidogo kwako," alisema.

Kisha akaondoka na kile kifurushi kifuani. Nilimwona mpaka alipokata kona. Hata alipopotea niliendelea kusikia, ndani ya khanga, ta-ta... ta... na sauti yake ikijibu kwa Kifipa, taratibu, kama mama anayembembeleza mtoto alale.

Tulihama nyumba ile. Padri alikuja kubariki tunakoishi sasa, na nesi wa zahanati alinifunga vidole hadi vikaota ngozi mpya. Mama Marsiana haonekani tena jumuiyani. Wanasema mlango wake umefungwa, na wapita njia wakati wa jioni wanasikia mtu anachapa. Lydia alitaka twende tukaangalie. Nilikataa.

Nimerudi kuchapa kazi za watu, kwenye kibodi ya kawaida, bapa, isiyo na mlio. Vidole vimepona. Mtoto anakubali kubebwa.

Ila ugali naula kwa kijiko. Baba alipokuja kututembelea kutoka Milepa alinicheka, akaniuliza tangu lini Msukuma anakula ugali kama mzungu. Lydia alimwambia bado naona kinyaa.

Nikamwacha aseme hivyo.

Ukweli ni kwamba baada ya bandeji kutoka nilinawa vizuri, kwa sabuni, nikala kwa mkono mara moja. Tulikula ugali na maharage. Nilipomaliza nikalamba vidole, kama mtu yeyote.

Nikalamba tena.

Lydia ndiye aliyenishika mkono kwa nguvu na kuutoa mdomoni. Damu ilikuwa imefika kwenye kiwiko. Alikuwa ananiita jina langu kwa muda mrefu, anasema, na mimi nilikuwa simsikii.

Vilikuwa vitamu.