Jogoo Aliyechinjwa Mapema

Trekta kuukuu la mzee Lugembe liliungua Jumatano asubuhi, bandani kwake Kwihara. Mkaguzi wa polisi Advera alipofika kutoka Tabora mjini, moshi bado ulikuwa unafuka chini ya usukani. Majirani walikuwa wamemwaga mchanga wakaenda zao. Mzee amekaa kigodani peke yake. Fundi Issa, aliyemaliza kulitengeneza jana yake, yumo kwenye gari la polisi na pingu mikononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Issa ndiye aliyegusa nyaya mara ya mwisho?"

"Ndiye." Mzee alijibu akitazama chini.

Kesi nyepesi, na Advera hakuzipenda kesi nyepesi. Kijiji kilimtaja pia Ngassa, mfugaji aliyegombana na mzee kwa ng'ombe kuingia shambani. Lakini Ngassa alikuwa joshoni akiogesha ng'ombe tangu kulipopambazuka, watu kibao wamemwona. Akabaki Issa. Advera akamfuata garini.

"Jana ulifanya nini?"

"Nilibadilisha nyaya zote, afande. Kila zinapopenya kwenye bati nikaweka mpira zisisuguke. Fyuzi mpya. Nikamwambia mzee, sasa hutaniona mpaka mvua."

"Akasemaje?"

Issa alifikiri kidogo. "Alinyamaza. Kila wiki ananiita, mara waya huu, mara ule. Nilidhani atafurahi."

Advera akarudi bandani, akapiga magoti. Fyuzi ilikuwa nzima. Moto ulianzia kwenye waya mnene utokao moja kwa moja kwenye betri, ambao haupiti kwenye fyuzi, kwa hiyo hakukuwa na cha kukata umeme. Chini yake, vumbini, aliokota maganda mapya ya plastiki, yamemenywa kwa kisu kama muwa. Fundi humenya waya kwenye ncha. Huu ulimenywa katikati.

Mlangoni pa jiko kulikuwa na manyoya ya kuku, bado mabichi.

Jirani wa karibu alikuwa Shaban, muuza duka. "Jogoo? Mzee alinigongea alfajiri nimchinjie," alisema. "Mwenyewe si Mwislamu, lakini akiwa na mgeni Mwislamu hachinji kwa mkono wake. Ana adabu yule mzee."

"Na trekta liliungua saa ngapi?"

"Jua lilikuwa limeshapanda."

Advera alisimama pale dukani, moyo ukamwuma. Yeye mwenyewe alikuwa amehamishiwa Tabora mwaka huu, na chumbani kwake Kitete sufuria lilikuwa moja, sahani moja.

Alimshusha Issa, wakaingia bandani wote.

"Baba, nani alikuwa anakuja kula leo?"

Mzee Lugembe alizidi kulitazama trekta.

"Alfajiri trekta ni zima, Issa kaaga mpaka mvua. Wewe unapeleka jogoo kwa Shaban. Ulijuaje kwamba fundi Mwislamu atahitajika hapa mchana?"

Mzee aliingiza mkono mfukoni. Akatoa kisu kidogo, akakiweka juu ya tairi.

"Zamani nilikuwa nagusa waya mdogo tu. Fyuzi inakata, naita fundi, tunakula, tunaongea. Jana aliniaga. Leo nikachagua waya mkubwa, nikadhani utamchukua siku mbili." Alijifuta uso kwa kiganja. "Tangu mke wangu Minza afariki, hakuna anayeingia uani hapa. Moto ulipowaka niliogopa. Walipomkamata nikaona aibu kusema."

"Ukaniacha niende jela, mzee?" Sauti ya Issa ilipasuka. "Si ungeniita tu? Ningekuja!"

"Uje kufanya nini, mwanangu? Trekta lilikuwa zima."

Issa aligeuza uso. Kwa kweli asingekuja, na wote watatu walilijua hilo.

Advera akamfungua pingu. Issa alisugua vifundo vya mikono, akatoka mpaka barabarani bila kuaga. Jikoni, jogoo aliyekatwakatwa alikuwa amelala sufuriani, hajapikwa, na juu ya meza zilipangwa sahani mbili.