Kitabu cha Ugonjwa wa Zamani

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alijaza ndoo kwenye bomba la mtaa, kisha akamwogesha mdogo wake. Darasa zima lilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Lakini siku moja mdomo huo ulifumba. Mdogo wake alianza kuhara na kutapika asubuhi. Jua lilipozama alikuwa amefariki. Nyumba za jirani nazo zilikuwa na wagonjwa. Mama yao, fundi cherehani, aliacha shati la mteja limenasa kwenye sindano, akakaa sakafuni akiukodolea macho ukuta.

"Ni yule Mama Sabuni," walinong'ona wanawake waliokuja kumpa pole. "Tangu ahamie hapa, hatuna amani."

Mama Sabuni alipika sabuni uani kwake na kuitembeza mlango kwa mlango. Hakuwa na ndugu mtaani. Kesho yake watu waliupiga mawe mlango wake. Chiriku naye aliokota jiwe, akarusha.

Shuleni alijificha maktabani ili alie bila kuonekana. Mwalimu wa maktaba alimwona, hakumuuliza kitu. Alipanda kiti, akashusha kitabu kikuukuu kilichobanduka mgongo.

"Hiki si hadithi, mwanangu. Ni habari za kweli, zimeandikwa kabla sijazaliwa. Kila nikiwaambia wenzako wakisome, wanaziba pua na kucheka. Ukitaka kuelewa yaliyotupata leo, anzia hapa."

Kitabu kilieleza mji ambao watu wake walihara na kufa. Walimfukuza mfinyanzi mgeni, lakini wakaendelea kuzika. Baadaye walichimba, wakakuta bomba la maji limetoboka ndani ya mtaro wa vyoo.

Chiriku alitoka mbio hadi nyumbani. "Mama, twende tukaangalie bomba!"

"Niache. Bomba litanirudishia mwanangu?"

"Halitamrudisha, Mama. Lakini jirani naye ana mtoto, na anaumwa."

Mama aliinuka sakafuni, akatafuta ndala zake. Walilifuata bomba hadi nyuma ya vyoo. Hapo, katikati ya uchafu, lilikuwa limepasuka.

Bwana afya aliitwa. Bomba lilifungwa, likabadilishwa, na kila nyumba ikaamriwa kuchemsha maji ya kunywa. Wagonjwa wapya wakaacha kutokea.

Mama na Chiriku walikwenda kumwomba radhi Mama Sabuni. Walikuta chumba kitupu, na sabuni zimekanyagwakanyagwa uani. Hakuna aliyejua alikokwenda. Mama aliegemea mlango uliobonyea, akalia kama mtu aliyefiwa tena.

Chiriku alirudisha kitabu. "Mwalimu, kilikuwa hapa siku zote?"

"Siku zote."

"Hata mdogo wangu alipokuwa mzima?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Hata wakati huo. Na mimi niliyekisoma, nilikunywa maji yale yale bila kuwaza."

Alikifuta kitabu vumbi polepole. "Walioandika haya walizika watoto wao, wakatuandikia ili sisi tusizike wetu. Tusome habari za kweli za waliotutangulia tungali wazima, tusingoje msiba. Na kabla hujamrushia mtu jiwe, utafute kwanza ukweli, kwa sababu jiwe likishatoka mkononi, hata ukilia vipi halirudi."