Mafundo Mawili kwa Kikwe

Jani la masale lilikuwa na mafundo mawili.

Sifael alilitoa ndani ya kibuyu cha ugoro, akalitazama mara moja, akalitupa kwenye moto wa mhunzi wa jirani.

Mafundo mawili. Siku mbili.

"Shikamoo, mzee. Kazi gani?"

"Marahaba." Mzee Lerionka hakuinua uso. Aliuza ugoro hapa Ngarenaro, hatua chache kutoka boma la Wajerumani, na hakuna askari aliyejua kwamba ndiye aliyewatuma wapelelezi wa koo za Meru. "Yuko Mjerumani anaitwa Kessler. Utamwongoza."

"Mwindaji?"

"Anasema anaandika kitabu cha wageni. Mahali pa kutembea, mahali pa kuoga. Mchana anapiga picha, jioni anachora ramani ya chemchemi zetu. Ramani ikifika Moshi, kwa serikali, kijiji cha Kikwe kinagawiwa walowezi."

Kikwe alikuwepo Tabea, dada yake Sifael. Alikuwa amejifungua siku sita tu zilizopita.

"Nimuue?"

"Umuue, waje askari hamsini? Usiwe bwege. Tutaziba maji kule juu, kwenye bwawa la mfereji. Mwonyeshe mfereji mkavu. Auchore mkavu, aondoke."

"Asipoamini?"

"Iharibu ramani. Ionekane ni bahati mbaya."

Sifael alilipia ugoro, akaondoka.

Kessler alikuwa mrefu, mwekundu, mchangamfu. Shingoni darubini ya Zeiss. Kiunoni bastola ya Mauser. Begani kamera ya Kodak na mrija wa ngozi uliobeba ramani. Nyuma yake askari mmoja na wapagazi sita.

Siku ya kwanza walitembea kweli. Duluti, Kessler alipiga picha ziwa. Ngurdoto, alilala kifudifudi ukingoni mwa shimo la volkeno akawatazama nyati kule chini, akacheka kama mtoto. Lakini kila mahali aliuliza swali lilelile.

"Maji haya hukauka mwezi gani?"

Mgeni wa kutembea haulizi hivyo.

Wakati wa kula alimwonyesha Sifael kitabu chake cha kwanza.

"Hispania. Bara kabisa, mbali na bahari. Tazama: ngome ya kale. Mapango. Pishi za mvinyo chini ya ardhi. Mgeni anapanda punda, anakula jibini, anaoga kwenye chemchemi ya kijiji."

"Na wenye kijiji, Bwana?"

"Wengi wamehama. Hoteli ilijengwa juu ya chemchemi. Wachache wamebaki."

"Wanafanya nini?"

"Wanafua mashuka." Kessler alipaka siagi kwenye mkate. "Meru itakuwa nzuri kuliko huko."

Pichani alisimama mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani, ndoo tupu mkononi. Alifanana na shangazi yake Sifael.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, walifika Kikwe.

Mfereji ulikuwa mkavu. Tope limepasuka. Migomba imeinama.

"Hakuna maji?" Kessler aliuliza.

"Kiangazi, Bwana. Ni vumbi tu."

Kessler alinung'unika. Aliamuru meza iwekwe bondeni, kando ya mfereji, penye kivuli. Akaikunjua ramani, akaibana kwa darubini, akachovya kalamu. Sifael alisimama nyuma yake akaona neno likiandikwa. Kavu.

Kazi imekwisha.

Kisha akasikia maji.

Yalikuja taratibu, membamba, yakisukuma majani makavu mbele yake. Nyuma ya maji akaja mama mmoja na jembe begani, anatembea kwa maringo. Penina. Mama mkwe wa Tabea.

Sifael alimkimbilia. "Mama, nani amekufungulia?"

"Nimefungua mwenyewe. Leo ni zamu ya maji ya Tabea."

"Wazee hawakukuambia?"

"Waniambie nini? Walikuwa wanne pale bwawani na mikuki yao. Nikawauliza, mnamzuilia mzazi maji ya uji? Wote wakatazama miguu yao."

Sifael alifumba macho. Nani angethubutu? Mzazi akiwa ndani, hakuna mwanamume anayeingia kumweleza habari, na hakuna anayeigusa zamu yake. Walipanga kila kitu wakasahau hilo.

"Nimekosea, mwanangu?"

"Hapana, mama. Panda juu. Kaa mbali na mfereji."

Mezani Kessler alikuwa akicheka. Alilikata neno kavu kwa kalamu. Akachora mstari wa buluu, mnene, hadi juu kwenye bwawa.

Sifael alipanda nyuma ya migomba. Kwenye pindo la shuka lake kilishonwa kipande cha kioo. Akakielekeza jua, akamulika mlimani mara tatu.

Fungua.

Kule juu kioo cha Lerionka kilijibu mara mbili.

Yote?

Yote maana yake kukausha maharage ya Kikwe nzima. Maji ya miezi miwili ya kiangazi yalikuwa ndani ya bwawa hilo moja.

Sifael alimulika mara moja.

Yote.

Maji yaliruka mfereji na kumwagika bondeni. Meza ilipinduka. Askari alianguka chali. Ramani ilielea, ikazunguka, ikazama.

Sifael alijitupa.

Chini ya maji aliikamata. Akaisugua kwa mchanga. Akaisugua tena, mpaka pumzi ikamwishia.

Alipoibuka, mdomo wa Mauser ulikuwa usoni pake.

"Nani amefungua?"

"Mvua ya mlimani, Bwana." Alinyoosha mkono. "Nimekuokolea ramani yako."

Kessler alikunjua karatasi. Tope na madoa ya buluu. Bastola ilishuka polepole.

"Kazi ya miezi minne," alisema. Akaketi juu ya sanduku.

Mchana huo alifunga mizigo, akashika njia ya Moshi.

Penina alisimama kando ya mfereji. Tayari ulikuwa unakauka.

"Nimwambie nini Tabea?"

"Mwambie ni mimi."

Sifael alishika njia kuu. Hakufika mbali.

Magari ya ng'ombe. Kumi na moja. Majembe ya kukokotwa, matundu ya kuku, wanawake wa Kizungu wenye kofia pana. La kwanza lilisimama, mwenye ndevu akanyoosha karatasi ya kumilikishwa shamba.

"Wewe! Kikwe wapi? Kikwe maji mingi?"

Sifael alisomeshwa misheni. Aliusoma muhuri wa Moshi. Aliisoma tarehe.

Miezi mitano iliyopita. Kessler alikuwa hajachora hata mstari mmoja.

Moshi haikungoja ramani yoyote.

Hakubadili uso. Akaelekeza kidole magharibi, kwenye vumbi la Olasiti.

"Kule, Bwana. Siku moja kwenda."

Na siku moja kurudi.

Magari yaligeuka, moja baada ya jingine. Sifael alikata jani la masale kwenye ua wa shamba la karibu, akalifunga mafundo mawili, akalilaza njiani pale ambapo Lerionka angepita.

Akakung'uta tope kwenye shuka, akaenda zake.