Muti Ndani ya Fishiye

Emerance anaishi mu kartie ya Lumumba, Bunia, pamoja na bwana yake Honoré na mama mukwe wake, Joséphine. Batoto wakishaenda masomo, anafungua ordinatere, ile kompyuta yake. Anaandika programe kwa shirika linalotafuta batoto waliopotezana na jamaa zao wakati wa kukimbia vita.

Joséphine naye alikuwa na mujukuu aliyepotea njiani walipokimbia Djugu. Jina lake Gaël.

Siku moja shirika lilituma fishiye mupya, ni kusema faili, yenye habari za batoto wengi. Emerance aliandika jina la Gaël. Programe ilijibu: iko Gety.

"Mama, tumemupata," alisema. Joséphine alikaa chini na kulia kwa furaha.

Kesho yake Honoré alienda Gety na pikipiki. Alirudi peke yake.

"Mutoto wa kule anaitwa Serge," alisema. "Walikuwa pamoja na Gaël mu kambi, kisha waliwatenganisha. Hajui mwenzake alipelekwa wapi."

Joséphine aliingia chumbani. Siku ile hakukula. Emerance alisikia uchungu sana, maana yeye ndiye aliyesema wamemupata.

Jirani yao Katsuva, mwalimu wa informatike, masomo ya ordinatere, alikuja kuwapa pole.

"Programe yako inatafuta namna gani?" aliuliza.

"Inasoma mustari kwa mustari. Ikikuta jina la mutoto, inachukua mahali ya kwanza inayofuata."

"Tufungue fishiye, tuone."

Waliona jina la Gaël. Chini yake kulikuwa neno "rafiki" na akolade, ile alama ya kufungua. Ndani yake: Serge, Gety. Kisha akolade ya kufunga. Chini kabisa: mahali, Mahagi.

"Gety iko ndani ya akolade ya Serge," Katsuva alisema. "Haiko ya Gaël. Mistari inafuatana tu. Haikuambii nani iko ndani ya nani."

Alichukua karatasi, akachora muti wenye shina na matawi. "Shina ni fishiye yote. Kila mutoto ni tawi. Mu tawi ya Gaël kuna jani la jina, jani la mahali, na tawi ndogo ya rafiki. Serge na Gety wanakaa kwa ile tawi ndogo. Programe ijenge muti kwanza. Ikikuta akolade ya kufungua, ianze tawi. Ikikuta ya kufunga, irudi kwa tawi ilikotoka. Kisha uulize: jani la mahali la Gaël mwenyewe ni gani?"

Honoré alikuwa tayari ameshika simu. "Basi nipige Mahagi. Mahali ya Gaël tumeshaijua. Kazi ya programe itangoja."

"Weye piga," Emerance alisema. "Lakini jamaa wengine walipata majibu kwa programe hii hii. Siwezi kungoja."

Alifanya kazi mpaka kesho yake. Muti ulipokamilika, aliuliza tena majina yote ya zamani. Majibu mengi yalikuwa sawa. Jibu moja halikuwa sawa: la binti wa mama mumoja aitwaye Rébecca. Programe ya kwanza ilisema Djugu. Muti ulisema mutoto iko hapa hapa Bunia.

Emerance alimupigia simu. "Mama Rébecca, unisamehe. Nilikupa mahali ya mutu mwingine."

 Mama alijibu, "Niko mu parking, ninangoja gari ya Djugu."

"Usipande, mama. Mutoto wako iko Bunia. Ninakuja kukuchukua, twende kwake pamoja."

Mahagi walikuwa wamemwambia Honoré kwa simu mutoto iko kule, na Gaël alifika siku ya Mungu, Jumapili. Alikuwa amerefuka. Joséphine alimushika masikio yote mawili, akamutazama. Kisha akamuuliza kama amekula.